Grupu la Mtu Mmoja

Cephas alikuwa na magrupu sitini na matatu ya wasapu, na katika yote hayo ni moja tu lililokuwa halimsumbui, kwa sababu humo alikuwa peke yake. Au ndivyo alivyoamini, maskini.

Ngoja nieleze, maana ukisikia mtu ana grupu la mtu mmoja utadhani amerukwa na akili. Grupu lenyewe liliitwa "Mazishi ya Mzee Nicodemus, Kamati". Baba yake Cephas alipofariki kule Rusinga, miaka miwili iliyopita, lilifunguliwa siku hiyo hiyo kabla hata mwili haujafika mochari, na kwa wiki mbili lilichemka: mahema, sufuria, nani atamleta pasta, nani amesahau spika. Wakazika. Jumatatu yake watu wakaanza kutoka. Fulani amejitoa. Fulani naye amejitoa. Huku kwetu mtu hakai kwenye grupu la mazishi baada ya mazishi. Ni kama kubaki umeketi chini ya hema wakati wenyewe wanaling'oa. Cephas alibaki, na si kwa mapenzi, kwa uvivu tu. Asubuhi moja alitaka mahali pa kuandika asisahau kununua wino wa printa, akaandika humo. Kesho yake akaandika kwamba amemwota baba. Basi, ikawa imeanza.

Ukilifungua grupu ulikuta namba mbili: ya Cephas, na nyingine isiyo na jina wala picha. Hiyo ya pili yeye alijua ni yake pia, laini yake ya zamani, iliyokuwa kwenye simu mkweche aliyowaachia watoto nyumbani waangalie katuni. Kila alichoandika kilipata tiki mbili, baadaye zikawa za buluu, naye akasema moyoni, ah, watoto wameshika simu. Hakujisumbua zaidi ya hapo.

Kazi yake ni kuandika maisha ya watu waliokufa. Ana duka la uchapishaji Migori mjini, yeye na mwenzake Robi, mama wa Kikuria asiyejua kunong'ona, na riziki yao kubwa ni vijitabu vya mazishi. Wewe unakuja na picha ya marehemu na maelezo ya kubabaika, Cephas anakutolea kurasa nane za rangi: alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alioa, alipenda kwaya, aliugua kwa muda mfupi. Walevi wote wa Awendo, wakipita mikononi mwa Cephas, wanatoka wakiwa wapenda watu. Kompyuta yake imejaa mafaili mpaka hujui skrini ni ya rangi gani. Kuna "Mama Rispa mwisho", kuna "Mama Rispa mwisho kabisa", kuna "Mama Rispa mwisho hii ndiyo". Simu nayo ni hivyo hivyo. Picha elfu kumi na moja. Barua pepe ambazo hazijafunguliwa, usiniulize. Maandishi yake mwenyewe yametapakaa kila mahali, mengine kwenye kidaftari cha simu, mengine kwenye barua pepe alizojiandikia na hakuzituma, na yale ya moyoni kabisa yako humo kwenye grupu la mazishi.

Na la moyoni lilikuwa moja. Lilimhusu dada yake mkubwa, Marion.

Siku nne kabla ya kufa, mzee Nicodemus alimtumia Cephas ujumbe wa sauti, sekunde hamsini na mbili, akimtaka ampigie Marion. Mzee alikuwa amempigia mwenyewe akamkosa, kwa sababu wiki hiyo simu ya Marion ilikuwa imetumbukia majini gatini Homa Bay, anakoishi. Cephas hakumpigia dada yake. Mzee akafa. Marion alipofika nyumbani alikuta mwili umeshapelekwa mochari, na familia ikaamua, jinsi familia zinavyoamua, kwamba mtoto wa kwanza aliishi karibu kuliko wote na hakuja kumwona baba yake mgonjwa. Akasema hakujua, simu ilikuwa imekufa. Wakatazamana. Siku ya mazishi, ule wakati watoto wanapewa maikrofoni mbele ya jeneza waage, mwongoza shughuli akamwita Cephas, kisha akaenda moja kwa moja kwa wajukuu. Marion alikuwa ameshasimama, karatasi mkononi. Akakaa chini. Cephas aliona. Aliona vizuri kabisa, wala hakufungua mdomo.

Tangu siku hiyo hawakuongea. Alilifuta jina la dada yake kwenye simu asiwe analiona kila anapotafuta namba ya mtu mwingine. Fikiria! Mtu aliyekubeba mgongoni ukivuka matope kwenda shule, unamfuta kwa kidole.

Jambo la namna hiyo ukiliandika mara moja, pengine unapona. Cephas aliliandika mara nne. La Agosti lilisema hakuuona ujumbe, ulizama chini ya kelele za grupu la wazazi wa shule. La Desemba lilisema aliuona na akausikiliza, ila mzee alisikika mzima, akadhani hakuna haraka. La Aprili, sikia hili, lilisema alimpigia Marion mara tatu na hakupatikana. Jamani! Mtu anadanganya kwenye grupu lake mwenyewe, hakuna hakimu humo, hakuna shahidi, anamdanganya nani? Na la mwisho, la juzi Jumapili, refu kama risala, lilisema hakumpigia kwa wivu, kwamba tangu utotoni baba alimpenda Marion zaidi. Hilo lilikuwa tamu sana. Alilisoma akajipongeza. Kisha akazisoma simulizi zote nne mfululizo, na kila moja ikamtoa machozi, na hapo kichwa kikamzunguka, kwa maana hakujua tena ni ipi iliyotokea na ni ipi aliyoitunga yeye kama anavyowatungia walevi wa Awendo.

Haya yote yangeweza kukaa hivyo miaka kumi, ila Jumamosi hiyo ilikuwa ukumbusho wa mzee. Msalaba wa saruji ungewekwa kaburini, watu wangekula, watoto wangesema neno. Baba mdogo Omanga, mwenyekiti wa kila kitu kwenye ukoo huo, alikuwa ameandika kwenye grupu la familia kwamba Marion amekataa kuja. Marion alikuwa amemjibu hivi: "Sitakanyaga pale mpaka mtu aniambie nilikosa nini." Cephas aliisoma akiwa amesimama kwenye foleni ya benki, akatoka kwenye foleni. Alimtaka dada yake. Alimtaka pale kaburini kuliko huo msalaba wenyewe. Na mtu pekee aliyejua kwamba Marion hakukosa kitu alikuwa yeye.

Sasa, Jumanne asubuhi. Robi anakata karatasi, Cephas yuko kwenye kompyuta akipanga kijitabu cha ukumbusho wa baba yake mwenyewe, faili la sita, linaitwa "Baba mwisho sasa". Simu ikalia. Akatazama. Ni lile grupu la mazishi, na si yeye aliyeandika.

"Kati ya hizi nne, ni gani ya kweli?"

Alisoma. Akasoma tena. Akageuza simu akaitazama nyuma, sijui alitarajia kuona nini huko. Wazo la kwanza lililomjia, nakuapia, lilikuwa kwamba amejijibu mwenyewe; kwamba ameandika mengi humo mpaka lile grupu limepata akili zake na sasa linamhoji. Wazo la pili lilikuwa watoto. Akampigia mkewe, Emmaculate.

"Watoto wako wapi?"

"Shule. Leo si Jumanne? Kwani uko sawa?"

"Na ile simu yangu ya zamani, nani anaishika?"

"Gani, ile ya katuni? Cephas, ile simu iliingia kwa ndoo ya maji kitambo sana. Nilikuambia. Ukasema mm-hm."

"Kitambo lini?"

"Kabla ya Krismasi. Si hii, ile ingine. Wewe huwa unasikia nini nikiongea?"

Akakata. Akaifungua ile namba isiyo na jina akaitazama kwa mara ya kwanza tangu grupu liwe lake. Laini yake ya zamani iliishia na tano. Hii iliishia na sita.

Hapo ndipo alipokumbuka. Zamani sana, mzee Nicodemus alikwenda sokoni Mbita siku ambayo vijana wa kuuza laini za simu walikuwa wamefungua mwavuli, akanunua tatu kwa mpigo, zinazofuatana, akajivuna nazo mwezi mzima. Yake iliishia na nne. Ya Cephas tano. Ya Marion sita. Familia nyingi za huku zina namba za aina hiyo, ukikosea kidole kimoja umempata shangazi. Cephas akapandisha juu, juu, juu, mpaka ile Jumatatu ya watu kujitoa, na humo katikati akaikuta ile inayoishia na tano, imejitoa pamoja na wengine, vidole vya watoto bila shaka. Aliyebaki naye miaka miwili ni Marion.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti.

"Nini, tumekosea jina la marehemu tena?" Robi akauliza bila kugeuka.

Cephas alikuwa anasoma. Alianza kule mwanzo kabisa, kwenye wino wa printa, akashuka nao, lakini safari hii akisoma kwa macho ya dada yake, na kila mstari ulimchoma. Hapa amelalamikia uzito wa mwili. Hapa amemsema Emmaculate. Hapa ameandika kwamba Marion anapenda kulia mbele ya watu ili aonewe huruma. Aliandika hivyo lini? Kwa nini? Hakukumbuka hata kuwa na wazo hilo. Yule mtu aliyeandika haya yote alikuwa nani, na alikuwa akiongea na nani? Akaanza kuandika jibu. "Dada, naomba nieleze." Akafuta. "Marion, si unavyofikiria." Akafuta, kwa sababu alikuwa hajui anafikiria nini. Akaandika mistari kumi mizuri kabisa, yenye mwanzo na mwisho, akaiona ni simulizi ya tano, akaifuta yote.

Simu ikalia tena. "Naona unaandika unafuta unaandika unafuta. Wacha kuandika. Kuja."

"Robi, nashuka Homa Bay."

"Na hii ya baba yako? Inafaa kuchapwa leo."

"Haijaisha."

"Umeandika mwisho mara sita!"

Akatoka. Awendo, Rongo, malori ya miwa, mvua ya dakika tano, vyote vilimpita bila kuviona. Njiani alikuwa anajaribu kufanya jambo moja tu, kuikumbuka siku ile ya ujumbe jinsi ilivyokuwa kabla hajaiandika. Hakuipata. Kila akifumba macho alikuta mojawapo ya zile nne imekaa mlangoni, imejipanga vizuri, na sentensi zake.

Marion hushona sare za shule kwenye chumba kimoja nyuma ya soko la Homa Bay. Alikuwa kwenye cherehani, sketi za kijani zimelundikana mapajani, anakunja marinda. Miaka miwili ilikuwa imempunguza mwili. Hakuinuka.

"Karibu. Keti hapo. Usikalie hizo kola."

Cephas akaketi kwenye ukingo wa benchi. Alikuwa ameandika maneno kwenye kidaftari cha simu, akaitoa.

"Weka simu," Marion akasema.

"Dada, nilitaka kusema kwamba..."

"Umesema. Miaka miwili unasema, mimi nasoma tu."

"Kwa nini hukujitoa?"

"Mwanzoni nilisahau. Simu ilirudi kutoka kwa fundi, nikakuta hilo grupu, nikaliacha. Halafu siku moja ukaandika umemwota baba. Nikasema ngoja nisikie alikuwa anafanya nini kwa hiyo ndoto." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Hukusema. Uliandika vile uliamka na vile uliskia vibaya. Nikangoja. Nikasoma habari ya wino. Nikasoma vile umenuniana na Emmaculate. Nikasoma mimi napenda kulia mbele ya watu."

Cephas alitamani sakafu ipasuke. "Dada, hilo sijui niliandika nikiwa wapi."

"Ulikuwa hapo hapo kwa simu. Halafu Agosti ukaandika ile ya kwanza. Nililia siku mbili, Cephas. Hapa, watu wakileta vitambaa wananikuta nalia. Kumbe kulikuwa na ujumbe. Kumbe baba alikuwa na neno la kuniambia. Halafu nikasema sawa, hakuuona, ni binadamu, magrupu ni mengi. Nikakusamehe. Nilikusamehe kabisa, mpaka nikatafuta namba yako nikupigie. Nikasema wacha aniambie mwenyewe, ni vizuri aniambie mwenyewe. Nikangoja. Desemba ukaandika ingine."

"Dada..."

"Ngoja. Nikaanza upya. Nikasema sawa, alisikiliza, akafikiria baba ni mzima. Nikakusamehe hiyo pia. Aprili ukasema ulinipigia mara tatu. Na mimi najua hukunipigia, kwa sababu ile laini nilipoirudisha ilinionyesha kila mtu aliyenitafuta. Baba alikuwa hapo mara sita. Wewe hukuwa hapo hata mara moja. Lakini nikasema, huenda ameaibika, wacha. Nikasamehe hiyo. Sasa Jumapili unaniambia ni wivu." Akaacha cherehani. "Nimekusamehe mara tatu kwa mambo matatu tofauti, omera, ndugu yangu. Hii ya nne imenishinda. Nimechoka. Nipe moja nishike hiyo hiyo."

Nje mtu alikuwa akiita bei ya dagaa wa omena. Cephas alitafuta ndani yake ile ya kushika. Ya wivu ilikuwa nzuri, lakini alijua alipoipata: ilimjia akiandika maisha ya mteja mmoja wa Ndhiwa, ndugu wawili waliokuwa hawapatani, akaona inafaa. Ya Desemba ilikuwa karibu. Ilikuwa karibu sana na kitu fulani. Akaanza kuongea bila kujua sentensi itaishia wapi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

"Hakuna hata moja," akasema.

Marion akamtazama.

"Niliuona. Nilikuwa dukani, watu wanangoja kijitabu, jeneza liko kwa gari tayari. Simu inalia kila dakika. Nikaona ni baba. Nikafungua nikaweka sikioni. Nikamsikia. Halafu yule mteja akapiga meza, nikazima. Nikasema nitamalizia nikitulia. Ulikuwa sekunde hamsini na mbili. Mimi nilisikia kama tisa."

"Na baadaye?"

"Baadaye zikaja jumbe mia tatu juu yake."

"Na baba alipokufa? Hukurudi kuusikiliza?"

"Niliogopa. Nikasema baada ya mazishi. Nilijua uko hapo, sikuugusa. Halafu siku ya mazishi simu ikakataa kupiga picha, imejaa. Nilitaka kupiga jeneza likishuka. Nikafuta vitu vya zamani vyote kwa mara moja, bila kuangalia." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyapangusa. "Nilimfuta baba ili nipate nafasi ya kupiga picha mazishi yake. Hilo sikuweza kuliandika. Nililizunguka miaka miwili, sikuweza."

Cherehani ya jirani ilisikika ukutani. Cephas alingoja matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili.

"Simu ya baba?" hatimaye Marion akauliza.

"Baba mdogo aliipeleka kwa fundi ikafutwa yote, ikauzwa."

"Kwa hivyo ile sauti haiko mahali popote."

"Haiko."

Marion akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali kipimo cha kitambaa ambacho hakitoshi. "Haya. Toa simu sasa. Andika hiyo kwa grupu la familia."

"Nitaiandika vizuri nikifika..."

"Utaiandika hapa. Na usipambe."

Grupu la familia lina watu themanini na wanne. Cephas akaanza, "Miongoni mwa changamoto nyingi za kipindi kile kigumu...", na Marion, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akapitisha mkono begani mwake na kufuta yote kwa kidole chenye kovu la sindano. Akaandika tena. Akafuta mwenyewe "kwa bahati mbaya". Akafuta "kama binadamu". Ilichukua robo saa. Ilipokwenda ilikuwa hivi: "Baba aliniambia nimpigie Marion. Sikumpigia. Marion hakuambiwa. Niliona mkimruka kwa maikrofoni na nikanyamaza. Ni mimi."

Kisha simu ikaanza kulia, na kulia, na jina la baba mdogo Omanga likaja juu likipiga. Cephas akataka kupokea. Marion akaichukua akaizika chini ya rundo la sketi, ikaendelea kunguruma huko.

"Wacha wasome kwanza," akasema. Akavuta kigoda akaketi mbele yake, magoti yao karibu yagusane, kama walivyokuwa wakikaa wakimenya viazi vitamu kwa mama. Uso wake haukuwa na hasira tena na hilo lilimtisha Cephas zaidi.

"Jumamosi watanipa maikrofoni?"

"Watakupa. Mimi mwenyewe nitakupa."

"Na nitasema nini?" Sauti yake ikakatika. "Kila mtu atasimama aseme baba aliniambia hivi, baba alinishauri vile. Wewe una yako. Omanga ana zake mia. Mimi nilipigiwa mara sita nikiwa sina simu. Mimi baba aliniambia nini, Cephas?"

"Sijui, dada. Ndio nakuambia, sijui."

"Zile tisa. Zile sekunde tisa ulisikia. Nipe hizo."

Akafumba macho. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakukuwa na kitu mlangoni. Hakuna sentensi iliyokuwa imekaa ikimngoja. Duka lilikuwepo, harufu ya karatasi moto, simu kwenye sikio.

"Alikohoa," akasema. "Mara mbili. Kulikuwa na kuku, kuku alikuwa analia karibu, nafikiri alikuwa kwa mlango wa jikoni. Akasema, Cephas, nyathina, vile alituita sisi watoto wake. Akanyamaza kidogo. Si sana. Akasema, mpigie Marion."

"Alisema Marion, ama alisema Nyaminwa, dada yenu?"

"Marion. Alivuta hiyo 'o' vile alikuwa anavuta. Mpigie Marion, mwambie..."

"Mwambie?"

"Hapo ndipo nilizima."

Marion akaishika sketi ya kijani kwa mikono yote miwili akaikumbatia kifuani, akalia bila sauti, na Cephas hakujua amguse au asimguse, akabaki ameweka mikono yake magotini. Chini ya rundo simu ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Baada ya muda Marion akapangusa uso kwa kiganja na kusogeza kigoda karibu zaidi.

"Anza tena," akasema. "Tangu kukohoa."